Moyo Ukiumwa, Twende Wapi?

Mpenzi msomaji, ukishikwa na homa wajua pa kwenda. Waamka alfajiri, washika njia ya zahanati. Migomba yako ikianza kugeuka manjano, wamwita bwana shamba. Ng'ombe akikataa majani, wamtafuta bwana mifugo. Hata baiskeli ikipasuka mpira, fundi yupo pale sokoni Omurushaka. Lakini moyo ukiumwa, waenda wapi?

Wengi wetu hatuendi popote. Baba aupeleka moyo wake kilabuni, auloweke katika rubisi. Mama aupeleka jikoni, alie karibu na mafiga ili watoto wadhani ni moshi. Kijana aupeleka mbali, Mwanza au ng'ambo ya mpaka Uganda, na akifika huko aukuta umemtangulia. Mwingine aupeleka kwa mpiga ramli, naye arudi na jina la jirani anayesemekana kumroga. Huyo sasa ana mizigo miwili: huzuni yake ya kwanza, na chuki ya jirani yake.

Leo twataka kuzungumza nanyi, baba na mama wa Karagwe na Kyerwa, juu ya jambo hili: kumtafuta mtu wa kukusikiliza na kukupa shauri, moyo unapolemewa. Siku hizi jambo hili laitwa ushauri nasaha. Wapo wanaosema ni mambo ya mjini. La, sivyo. Tafadhali soma mpaka mwisho, kisha umsomee na mwenzio.

HUZUNI SI DHAMBI, WALA SI WAZIMU

Kwanza tuondoe kosa moja kubwa. Mkristo akiwa na huzuni isiyokwisha, mara nyingi hujiambia: "Imani yangu ni ndogo. Kama ningesali vizuri, nisingekuwa hivi." Basi hujificha, hata Jumuiya haendi tena.

Funguo Maandiko Matakatifu, Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 19. Eliya alikuwa nabii hodari. Alikuwa ametoka kushinda juu ya mlima Karmeli mbele ya Israeli yote. Hata hivyo, malkia Yezebeli alipotishia kumwua, alikimbilia jangwani, akaketi chini ya mti, akamwomba Mungu amwondolee uhai. Je, Mungu alimkemea? Hakumkemea. Alimwacha alale. Alimpelekea malaika na mkate na maji, si mara moja bali mara mbili. Kisha akamwuliza ana nini, akamwacha aseme yote. Mwishoni alimpa kazi ya kufanya, na mtu wa kusaidiana naye, ndiye Elisha. Angalia utaratibu huo: usingizi, chakula, sikio la kusikiliza, kazi na mwenzi. Hata leo madaktari hawana njia iliyo mbali sana na hiyo.

Naomi naye, alipofiwa na mume na wana wawili katika nchi ya ugeni, alirudi Bethlehemu akawaambia wanawake wasimwite tena kwa jina lake, wamwite Mara, yaani mchungu. Hakuhesabiwa dhambi kwa kusema uchungu wake.

Basi ni huzuni gani inayohitaji msaada? Kila mtu huhuzunika, na huzuni nyingi hupita zenyewe. Lakini kuna huzuni nzito ambayo madaktari huiita sonona. Dalili zake ni hizi: mtu hapati usingizi, au alala mchana kutwa, chakula hakimpendezi, kazi aliyoipenda sasa yamchosha, akasirika kwa jambo dogo, ajiona hana maana, asahau mambo, mwili wamwuma na daktari haoni ugonjwa, pengine atamani kufa. Dalili kama hizo zikidumu majuma mawili au zaidi, usiseme zitapita. Tafuta msaada.

Tena usidhani uko peke yako. Shirika la Afya Duniani lilihesabu kwamba mwaka 2019 mtu 1 katika kila watu 8 duniani alikuwa na shida ya afya ya akili ya namna fulani. Hesabu sasa viti vya kanisa lenu siku ya Jumapili.

Ninyi mlioona mnyauko mtanielewa upesi. Ugonjwa huo wa migomba uliingia mkoani Kagera mwaka 2006. Mkulima aliyeona mgomba mmoja umekauka akanyamaza, akaendelea kukata kwa panga lile lile, aliutia ugonjwa shamba zima. Aliyemwita bwana shamba mapema akang'oa mgomba mmoja, akaunguza panga lake motoni, akaondoa maua ya dume kwa kijiti chenye panda, naye akaokoa migomba iliyobaki. Mgomba haukuwa na aibu ya kuugua. Aibu ilikuwa ya mwenye shamba, nayo ndiyo iliyomgharimu.

MILANGO MITATU

Mwaka 2002 jambo la maana lilifanyika karibu nasi, katika wilaya za Rakai na Masaka nchini Uganda. Watu wa huko wafanana nasi: walima migomba na kahawa, na ukimwi uliwapiga vibaya kama ulivyoupiga mkoa wetu. Wataalamu waliwauliza wanakijiji wenyewe ni shida gani za moyo zinazowapata. Wakataja mbili kwa lugha yao: yo'kwekyawa, yaani kujichukia, na okwekubazida, yaani kujisikitikia.

Vikachaguliwa vijiji 30. Katika nusu yake, watu waliolemewa waliwekwa katika vikundi vidogo vya watu kama wanane, wanaume peke yao na wanawake peke yao. Walikutana mara moja kwa juma, dakika 90, kwa majuma 16. Aliyewaongoza hakuwa daktari. Alikuwa mtu wa sehemu zile zile, mwenye kujua lugha, aliyefundishwa kwa majuma mawili. Hawakupewa dawa wala fedha. Walizungumza, walisikilizana, walishauriana la kufanya juma lijalo.

Matokeo yake? Kabla ya kuanza, watu 86 katika kila 100 wa vikundi vile walikuwa na sonona kamili. Baada ya majuma 16 walibaki watu wasiofika 7 katika kila 100. Katika vijiji vingine, ambako vikundi havikuwapo, walianza watu 94 katika kila 100, wakabaki karibu 55. Baada ya miezi 6 mingine tofauti hiyo ilikuwa bado ipo. Habari hizo zilipimwa kwa makini na kuandikwa mwaka 2003, na mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilitoa kitabu cha kuwafundisha watu wa nchi zote njia hiyo.

Katika vikundi vile walikuwa wakiuliza swali moja: huzuni yako iliingia kwa mlango gani? Wakataja milango mitatu. Tuitazame mmoja mmoja, maana ipo pia katika nyumba zetu.

Mlango wa kwanza ni msiba. Wagonjwa wa kwanza wa ukimwi katika Tanzania walitambuliwa hapa mkoani Kagera mwaka 1983. Tangu hapo nyumba nyingi zilibaki na bibi mzee na wajukuu, bila kizazi cha katikati. Desturi yetu ya kuomboleza ni njema sana: majirani huja, huleta ndizi na kuni, hulala nje karibu na moto. Lakini matanga yakianuliwa, kila mtu hurudi kwake. Mjane hubaki, na usiku wa kwanza wa ukimya ndio mrefu kuliko wote. Hapo ndipo shauri hutakiwa. Huko Nshamba, wilaya ya Muleba, shirika la Humuliza lilianzishwa miaka ya 1990 kwa ajili ya yatima. Jina hilo kwa Kihaya maana yake ni kuliwaza. Walioanzisha waliona kwamba mtoto aliyefiwa hatoshwi na daftari na sare ya shule. Yahitajika pia apate mtu wa kumwambia, "Mwanangu, niambie habari za mama yako," kisha akae amsikilize.

Mlango wa pili ni ugomvi. Tutoe mfano. Baba mmoja ana mibuni mizuri. Mwezi wa njaa mtoto atakiwa fedha za shule, naye baba auza kahawa ingali maua, yaani butura, kwa bei ya kutupa. Mkewe hamwambii. Mavuno yafika, kahawa si yake. Mama auliza fedha ziko wapi, baba ajibu kwa ukali. Mwaka wa pili auza tena ili alipe deni la kwanza. Sasa hawasemezani. Baba arudi usiku amelewa, mama alala na watoto. Ukiwauliza majirani, watasema ni ulevi. Ukimwuliza mama, atasema mume ana mwanamke mwingine. Lakini chanzo ni aibu ya mtu aliyeshindwa kusema neno moja: "Mke wangu, nilikosea, tuna deni." Watu hawa wawili hawana haja ya mganga. Wana haja ya mtu wa tatu, mwenye busara, atakayekaa nao mpaka neno lile litoke.

Mlango wa tatu ni mabadiliko ya maisha. Huu wengi hawaujui, maana mabadiliko mengine ni ya furaha. Msichana aolewa na kuhamia ugenini, Kaisho au Nyaishozi. Watu wote washangilia, naye usiku alia kwa upweke. Mama ajifungua mtoto mzuri, na badala ya furaha aona giza. Amwogopa mtoto wake mwenyewe. Mama huyo si mchawi wala hana moyo mbaya. Ni shida ijulikanayo hospitalini, nayo hutibiwa. Mwalimu astaafu, na asubuhi kengele ya shule yalia bila yeye. Kijana ashindwa mtihani. Mtu apata ajali, akatwa mguu. Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 lilibomoa nyumba Bukoba na kutikisa wilaya za jirani, na wako watu ambao baadaye waliogopa kulala chini ya dari hata ukuta ulipokuwa mzima. Katika mambo yote hayo, mtu amepoteza njia aliyoizoea na hajaijua njia mpya. Yahitaji mwenzi wa safari.

WATU WASEMA HIVI, NASI TWAJIBU

"Watasema nina wazimu." Mwenye kutafuta shauri anazo akili zake, ndiyo sababu ametafuta. Musa mwenyewe, kiongozi wa taifa zima, alichoka kwa kuamua kesi za watu tangu asubuhi hadi jioni. Yethro, mkwewe, alimwonya kwamba atadhoofika, akamshauri agawe kazi. Musa alikubali shauri. Hakuna aliyemwita Musa mwenda wazimu.

"Siri yangu itafika sokoni." Hofu hii ina haki yake, maana ulimi wa kijiji twaujua. Lakini mshauri aliyefundishwa amefungwa na wajibu wa kutunza siri. Kuna mambo machache tu asiyoweza kunyamazia: kama uhai wako au wa mwingine u hatarini, au mtoto anaumizwa. Mwulize siku ya kwanza kabisa: "Maneno haya yatabaki hapa?" Mshauri mwema hatachukia swali hilo. Na ukimwona mtu anayekusimulia siri za wengine, usimpe za kwako.

"Naungama, yatosha." Kuungama ni Sakramenti, na siri yake padre hawezi kuivunja kwa sababu yoyote. Humo twapata maondoleo ya dhambi. Lakini kufiwa si dhambi, wala kukosa usingizi si dhambi; utaungama nini? Tena nyuma yako kuna mstari wa watu. Ukiwa na mzigo wa moyo, mwambie padre: "Padre, naomba nafasi ya kuzungumza." Atakupangia siku. Na padre mwenye busara, akiona shida yahitaji daktari, atakutuma kwa daktari, kama vile ambavyo angekutuma ukivunjika mkono. Yoshua bin Sira, sura ya 38, afundisha tumheshimu tabibu, maana Mungu ndiye aliyemweka.

"Mwanamume halii." Bwana wetu Yesu Kristo alilia kaburini kwa Lazaro. Twataka mwanamume gani kuliko Yeye?

"Mke mwema huvumilia." Hapa tuseme wazi. Uvumilivu ni fadhila, lakini kupigwa si Sakramenti. Shauri la kweli halimrudishi mama kwenye fimbo na kumwambia asali zaidi. Sheria ya Kanisa yenyewe, ile ya mwaka 1983, yamruhusu mume au mke kutengana na mwenzake akimhatarisha vikali yeye au watoto. Anayepigwa aende kwanza mahali pa usalama, kisha polisi kwenye Dawati la Jinsia na Watoto. Mazungumzo ya usuluhishi yaje baadaye, kama yatawezekana.

PA KWENDA

Sasa twakuonyesha milango, uchague ulio karibu nawe.

1. Mtu mmoja mwaminifu. Yaweza kuwa shangazi, msimamizi wako wa ubatizo au wa ndoa, mzee wa Jumuiya, mama wa WAWATA. Usiwaambie kumi; mwambie mmoja.

2. Parokia. Jimbo letu la Kayanga lilianzishwa mwaka 2008, na tangu hapo mapadre, masista na makatekista wako karibu nasi zaidi. Omba nafasi ya kuzungumza nje ya saa ya Misa.

3. Zahanati, kituo cha afya na hospitali. Mwambie mganga ukweli. Usiseme "kichwa chaniuma" tu; sema "silali, na moyo wangu umechoka." Hospitali za Nyakaiga na Isingiro, na ile ya Nyakahanga ya ndugu zetu Walutheri, zimezoea kuwapokea watu wa nchi hii. Shida ikiwa kubwa, utatumwa Bukoba au Bugando, Mwanza. Ukipewa dawa, zimeze kama ulivyoambiwa, wala usiziache siku unapojisikia nafuu bila kumwuliza daktari. Wengi wetu tulilisikia neno ushauri nasaha kwanza hospitalini, tulipokwenda kupima virusi vya ukimwi: mtu aliketi nasi kabla ya kipimo na baada yake. Ushauri huo si wa ukimwi peke yake.

4. Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri yako. Kazi yake ni matatizo ya familia, ya watoto, ya wazee na ya wajane. Kumwona si kushtaki.

5. Baraza la usuluhishi wa ndoa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yataka ugomvi wa mume na mke upelekwe kwanza katika baraza la usuluhishi kabla ya mtu kwenda mahakamani kuomba talaka. Msilingoje mpaka nyumba imekwisha kuungua. Nendeni mapema, mkiwa bado mwaweza kuketi benchi moja.

6. Kwa watoto kuna simu namba 116, nayo haina malipo. Mtoto anayeteswa, au mtu mzima anayejua mtoto anayeteswa, aweza kupiga.

Twaongeza onyo moja. Mshauri mwema hakuamulii maisha yako. Akusaidia uone njia, kisha uchague mwenyewe. Hakuambii nani amekuroga. Hataki ulale kwake, wala hakudai kuku mweusi. Ukikuta mtu wa namna hiyo, ondoka.

SIKU YA KWANZA

Wengine hawaendi kwa sababu hawajui wataulizwa nini. Basi jua hivi. Utaketi. Ataanza kwa kuuliza habari zako, nyumba yako, kazi yako. Atauliza shida ilianza lini, na siku hizo kulitokea nini. Atauliza usingizi, chakula, pombe. Huenda akakuuliza kama umewahi kufikiri kujiua. Usishtuke, na usifiche; swali hilo huwauliza wengi. Ukilia, atangoja. Ukikosa la kusema, atangoja pia.

Usitazamie kupona siku hiyo. Wale wa Rakai na Masaka walikutana mara 16. Lakini utatoka na jambo dogo la kufanya: pengine kumwambia mkeo habari ya lile deni, pengine kumtembelea dada yako, pengine kulima matuta mawili tu kila asubuhi hata kama mwili hautaki. Lifanye, kisha rudi ueleze lilivyokwenda. Hivyo hivyo, kidogo kidogo, mzigo huhama begani.

WEWE UNAYESIKILIZA

Msomaji, huenda wewe huna huzuni yoyote. Shukuru Mungu. Lakini siku moja mtu atakuja kwako. Atajidai ameleta ndoo ya kurudisha, kisha hataondoka. Ufanye nini?

Wakumbuke rafiki za Ayubu. Walipofika wakamwona alivyoharibika, waliketi naye chini siku saba mchana na usiku, bila kusema neno. Hapo walifanya vizuri kabisa. Walikosea walipofungua midomo, wakaanza kumweleza kwamba bila shaka ametenda dhambi. Basi nawe keti. Usiseme "jikaze." Usiseme "afadhali wewe, mimi yangu ni makubwa zaidi." Usimpe methali tano. Mwulize: "Ilikuwaje?" kisha nyamaza. Bwana wetu alifanya hivyo katika njia ya Emau. Aliijua habari yote, hata hivyo aliwauliza wale wawili wanazungumza nini, akawaacha waseme huzuni yao mpaka mwisho. Alipokwisha kuwasikiliza ndipo alipowafundisha.

Kazi hii haitaki digrii. Mjini Harare, Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 na mabibi 14, akawafundisha kusikiliza watu wakiwa wameketi bao moja nje ya kliniki. Mwaka 2016 zilitoka habari za kupima kazi yao: baada ya miezi 6, waliozungumza na walezi wa mabao hayo, dalili za sonona zilibaki kwa watu 14 tu katika kila 100, na kwa wengine waliopata huduma ya kawaida zilibaki kwa 50. Mabibi tunao, na mabao tunayo.

Lakini mtu akikuambia amechoka kuishi, au akianza kugawa vitu vyake na kuaga, hapo usingoje kesho. Mwulize waziwazi: "Wafikiri kujiua?" Swali hilo halimtii wazo hilo kichwani, humpa ruhusa ya kusema. Usimwache peke yake. Ondoa nyumbani kamba na dawa za kuulia wadudu wa shambani, uzipeleke kwa jirani. Kisha mpeleke hospitali, usiku au mchana, kama ungempeleka mtu aliyeumwa na nyoka.

Na kwa nyumba ambayo jambo hilo limekwisha kutokea, twasema neno la upole. Zamani watu wa namna hii walinyimwa mazishi ya Kanisa, na jamaa zao walibeba aibu vizazi vingi. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992 yafundisha kwamba kujiua ni jambo baya sana, lakini pia kwamba ugonjwa mzito wa akili, hofu kubwa au mateso huweza kupunguza hatia ya mtu. Yatufundisha tusikate tamaa juu ya wokovu wa marehemu hao, na Kanisa huwaombea. Basi msiwakwepe wafiwa hao kisimani. Nendeni mketi nao kama mngeketi na wafiwa wengine.

NENO LA MWISHO

Wazazi, juma hili fanyeni jambo moja. Jioni, baada ya Rozari, kabla watoto hawajalala, kila mmoja aulizwe: "Leo ni nini kilichokufurahisha, na ni nini kilichokuumiza?" Baba aanze. Aseme la kweli, hata kama ni dogo. Watoto wakimwona baba anasema, watajua kwamba katika nyumba hii huzuni ina ruhusa ya kutoka nje. Siku watakapopatwa na kubwa, watajua pa kuanzia.

Na wewe uliyesoma haya huku moyo wako ukisema, "Ni mimi huyu," usiwe na haya. Usingoje mavuno ya kahawa, wala usingoje Pasaka. Kesho asubuhi, ukishapita kisimani, shika njia ya parokia au ya zahanati, ubishe hodi. Mama Maria, Mfariji wa wenye uchungu, akusindikize.